Mpangilio Huu ni wa Nani?

Faili lilikuwa na mistari elfu mbili na ushei, na mfumo ulishikilia kwamba yote imebadilishwa. Kijana wa ofisi yetu ya Buffalo aliyeligusa aliapa kuwa alisahihisha neno moja tu, basi. Alikuwa anasema kweli. Kilichobadilika kwenye mistari mingine hakionekani kwa macho, kwani ni alama ya mwisho wa mstari. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili, mazoea yaliyorithiwa kutoka mashine za teleprinta: ya kwanza ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni, ya pili ikasogeza karatasi. Unix na uzao wake, Linux na macOS, hutosheka na alama moja. Git, programu ambayo watengeneza programu wengi duniani huitumia kutunza historia ya msimbo wao, ina mpangilio wa kugeuza desturi moja kuwa nyingine. Buffalo waliuwasha, Louisville waliuzima, na Columbus kila mtu alifuata alichofundishwa na aliyemtangulia. Vihariri vya msimbo navyo vikaongeza mambo yao.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta na kazi ambayo haikutajwa kwenye mkataba wangu: kuzifanya kompyuta za watengeneza programu katika miji mitatu ya Marekani zielewane.

Ukitoka Louisville kwa barabara kuu ya I-71 unapita Cincinnati, unafika Columbus, barabara inakuishia Cleveland, kisha unashika I-90 kando ya Ziwa Erie mpaka Buffalo. Kampuni yetu ilikua kwa kufuata njia hiyo hiyo, kwa kununua. Louisville ni mji wa mizigo. UPS waliufanya kitovu cha ndege zao tangu miaka ya 1980, na pembeni ya shughuli hiyo kubwa zikaota kampuni ndogo nyingi za programu za kufuatilia vifurushi. Yetu ilikuwa mojawapo. Columbus, ambako kampuni ya bima ya Nationwide ina makao makuu yake, tulinunua timu iliyozoea kuandikia watu wa bima. Buffalo tukapata timu ndogo iliyolelewa na kazi za kibenki. Wa kwanza walikuwa watu wa Windows na Java, wa pili Windows na .NET, wa tatu Mac na Linux. Miji yote mitatu inafuata saa za Mashariki, kwa hiyo hatukuwa hata na tofauti ya saa ya kusingizia.

Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, husoma mipangilio yake kwa ngazi: kwanza ya mashine nzima, halafu ya mtumiaji, halafu ya mradi. Zikigongana, iliyo karibu zaidi na kazi ndiyo inayoshinda. Windows ina desturi iliyo kinyume. Tangu toleo la 2000 lilipoleta Group Policy, anayekaa makao makuu anaweza kuandika sera moja ikashuka kwenye maelfu ya kompyuta, na mtumiaji akijaribu kuigeuza anakuta kitufe kimefifia. Falsafa hizi mbili zilikuwa zinalala kwenye laptopu moja, na hakuna mtu aliyekuwa amekaa chini kuuliza ni mpangilio upi uende upande upi.

Mimi nililelewa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya kupanga, na nilipotakiwa kuwaeleza wakubwa jambo hili sikupata mfano bora. Mwenye nyumba ndiye anayesema lango litafungwa saa ngapi. Zamu ya kufagia uani ni mapatano ya wapangaji wenyewe. Lakini ndani ya chumba chako, ukitaka kitanda kikae chini ya dirisha, hakuna wa kukuuliza. Nyumba inaharibika pale mwenye nyumba anapoingia chumbani kusogeza kitanda, au pale mpangaji mmoja anapojichongea ufunguo wa lango bila kumwambia mtu. Wakubwa walicheka, wakasema wameelewa. Kisha wakaingia chumbani.

Ilikuwa hivi. Baada ya malalamiko ya miezi, kitengo cha usalama kiliandaa faili moja la mipangilio ya kihariri cha msimbo, likawa linaandikwa upya kwenye kila kompyuta kila asubuhi. Ndani yake mlikuwa na mambo ya maana kabisa: aina ya viendelezi vinavyoruhusiwa, mahali pa kuchukulia vifurushi vya programu, ukaguzi wa nenosiri lililosahaulika ndani ya msimbo. Mlikuwa pia na ukubwa wa herufi, rangi ya kioo, na upande wa kukaa orodha ya mafaili. Aliyeliandaa alikuwa amenakili faili lake mwenyewe, akaongeza yanayohitajika.

Simu ikaja kutoka Buffalo, kwa yule yule kijana. Wazazi wake ni Wakongo wa Uvira, yeye amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Kiswahili chake kina adabu ya shule za huko.

"Shikamoo dada. Samahani kukusumbua."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini tena?"

"Hii kompyuta inanirudishia herufi ndogo. Naziongeza leo, kesho zimerudi. Mimi naweza kuvumilia, bado nina macho. Anayeumia ni mzee wa meza ya jirani."

Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa retina. Kwa miaka alikuwa akifanya kazi kwa herufi kubwa za njano juu ya kioo cheusi, na asubuhi moja akakuta kila kitu kimekuwa cheupe na kidogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu ingemlinda vizuri tu, kwa sababu inamtaka mwajiri afanye marekebisho ya kadiri. Mzee hakwenda kwenye sheria. Aliandika programu fupi inayongoja faili la makao makuu lishuke, kisha inalifuta na kurudisha lake. Jirani akaiomba, jirani wa jirani naye akaiomba. Baada ya muda nusu ya ofisi ya Buffalo ilikuwa inafuta faili letu kila asubuhi, na pamoja na ukubwa wa herufi ikifuta ule ukaguzi wa manenosiri na kila chenye maana. Kwenye ripoti za makao makuu Buffalo ilisomeka kuwa imetii kikamilifu, maana tulichokuwa tunapima ni kama faili limefika.

Kesi ya herufi ni rahisi, mtu yeyote ataona nani amekosea. Kesi ya vyeti vya usalama ilikuwa ngumu zaidi, na naitaja kwa kirefu kwa sababu najua iko katika ofisi nyingi, za huku na za nyumbani.

Kampuni nyingi huweka kifaa katikati ya mtandao wao kinachofungua mawasiliano yaliyofichwa, kinayakagua kama yana virusi au siri zinazotoroshwa, kisha kinayafunga tena kwa muhuri wake chenyewe, unaoitwa cheti. Ili kompyuta isione muhuri huo kuwa wa tapeli, lazima iambiwe mapema kuwa huu ni wetu, uamini. Watu wa usalama waliusambaza kwenye Windows na kwenye Mac zote, wakajaribu kivinjari, kikafungua kila tovuti, wakaondoka. Lakini zana nyingi za mtengeneza programu hazisomi orodha hiyo zisipoambiwa. Java ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini. Node imezaliwa na yake ndani. Python, kwa njia inayotumiwa na wengi, hubeba nyingine. Git nayo inategemea imewekwaje. Kwa hiyo mwajiriwa mpya wa Columbus anafungua kivinjari, kila kitu safi; anajaribu kupakua kifurushi cha kazi, anaambiwa cheti hakiaminiki.

Anafanya nini? Anatafuta jibu, na jibu la kwanza atakalolipata ni mstari mmoja wa kuzima ukaguzi wa vyeti kabisa. Anauweka. Kazi inakwenda. Mwezi unaofuata anamwonyesha mwenzake. Mstari unaingia kwenye maelekezo ya mradi, kutoka hapo kwenye programu ya kujengea, na kutoka hapo kwenye seva, ambako hakuna kifaa cha ukaguzi wala sababu yoyote ya kuuweka. Tulipotafuta mstari huo kwenye msimbo wa kampuni nzima tuliukuta kila mji. Hatua iliyokusudiwa kutulinda ilikuwa imewafundisha watu wetu kutoangalia wanazungumza na nani. Wala hawakuwa wazembe. Walikuwa na kazi ya kukabidhi Ijumaa.

Dawa haikuwa barua ya onyo. Tuliandaa kifurushi kimoja kinachoupeleka muhuri ule kwenye orodha zote, ya Java, ya Node, ya Python na ya Git, tukakipima kwenye kompyuta mpya isiyo na kitu, na baada ya hapo tu ndipo tulipoanza kuiondoa mistari ile mradi kwa mradi. Tangu wakati huo naamini kwamba mpangilio wa lazima unaofanya kazi nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu ile nusu nyingine watu hujitengenezea wenyewe gizani.

Lakini nisije nikaonekana mtetezi wa kila mtu kufanya apendalo. Februari 2021 mtafiti wa usalama aitwaye Alex Birsan alieleza hadharani jinsi alivyofikisha programu yake ndani ya mifumo ya makampuni zaidi ya 35, zikiwemo Apple na Microsoft, bila kuiba nenosiri la mtu. Makampuni makubwa hujitengenezea vifurushi vya ndani na kuvipa majina. Majina hayo huvuja, kwa mfano kwenye mafaili ya tovuti zao. Birsan aliyachukua majina hayo hayo, akavipa vifurushi vyake, akavipandisha kwenye maghala ya umma kama npm na PyPI vikiwa na namba kubwa ya toleo. Zana za makampuni, zilizokuwa zimepangwa kutazama ghala la ndani na la umma kwa pamoja, ziliona toleo jipya zaidi liko nje, zikalileta zenyewe na kuliendesha. Alifanya hivyo kupitia mipango ya kampuni hizo ya kuwazawadia wanaogundua udhaifu, na zawadi zake zilipita dola 130,000.

Kinga ya hila hiyo ni mipangilio michache inayosema: vifurushi vyenye jina hili vichukuliwe ndani tu. Mistari michache ya maandishi. Lakini ikikosekana kwenye laptopu moja kati ya mamia, mlango uko wazi kwa wote. Jambo la namna hii haliwezi kuachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja. Nilipoieleza Buffalo habari hii, yule mzee wa herufi za njano hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu kwa nini sababu hiyo haikuandikwa kando ya mpangilio tangu mwanzo, kwa kuwa yeye asingeufuta. Sikuwa na la kumjibu, na kitengo cha usalama hakikuwa nalo pia. Kuanzia hapo hakuna mpangilio wa lazima ulioingia bila sentensi ya sababu, jina la mwenye kuudai, na tarehe ya kuupitia upya. Ule wa ukubwa wa herufi haukupata wa kuudai.

Kisha ikaja theluji. Seva iliyokuwa inagawa mipangilio ilikuwa kwenye ofisi ya Buffalo, urithi wa timu ile, na kompyuta zetu ziliagizwa kwamba zikikaa siku tatu bila kuzungumza nayo zijifungie nje ya ghala la msimbo. Kwenye karatasi ilikuwa tahadhari nzuri dhidi ya laptopu iliyoibwa. Tarehe 23 Desemba 2022 tufani iliangukia Buffalo na vitongoji vyake. Magari yalipigwa marufuku barabarani, umeme ukakatika kwa maelfu ya nyumba, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, baadhi wakiwa wamekwama ndani ya magari yao. Wenzetu walisalimika wote, wakiwa wamejifungia na majirani zao. Seva ilizimika. Louisville, mji ambao Desemba ndiyo mavuno yake, ilifika tarehe 26 na kukuta watengeneza programu wake hawawezi kufungua msimbo wao wenyewe, wakati hitilafu ya anwani za vifurushi vya wateja ikisubiri. Hakuna aliyethubutu kumwomba mtu wa Buffalo atoke kwenda ofisini, na ingekuwa aibu kubwa kuthubutu.

Tulifungua kwa mkono, kompyuta baada ya kompyuta, kwa simu. Mwezi Januari mjadala haukuwa tena wa nani anaamua. Ulikuwa wa swali ambalo wengi hulisahau: mpangilio ukikosa makao makuu yake, ufanye nini? Baadhi inapaswa kufunga. Mingi inapaswa kuendelea na hali njema ya mwisho inayoijua. Tukaandika jibu kwa kila mmoja, na seva tukaiweka mahali pawili palipo mbali na Ziwa Erie.

Kwa hiyo tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilipotuma faili lenye kasoro kwa wateja wake, sisi ambao hatukuwa wateja tulikaa tukisoma habari kama watu wanaosoma barua yao wenyewe. Kwa saa zetu lilitoka saa sita na dakika tisa usiku, likaondolewa dakika 78 baadaye. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege ziliahirishwa, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kulirudisha faili kulichukua saa moja na ushei. Kuziponya mashine kulichukua siku na siku, kwa sababu iliyokwisha kuanguka haikuweza kupokea marekebisho kutoka mbali, ilibidi mtu aende kuikalia. Wakubwa wetu hawakuuliza tena kwa nini mabadiliko yetu huanzia kwenye kompyuta za timu yangu, yakaenda kwa waliojitolea katika kila mji, na ndipo yakafika kwa wengine.

Kuna jambo ambalo Louisville wasingelifikiria kamwe, na sikuwalaumu. Kampuni ilipoanza kuwapa mikataba vijana walioko Dar es Salaam na Nairobi, mmoja wao aliniandikia kwamba bando lake la wiki limekwisha kabla ya chai ya saa nne. Windows inakubali uiambie kuwa mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ikaacha kupakua masasisho mazito. Sera yetu ilikuwa inalikanyaga chaguo hilo. Katika miji yetu mitatu intaneti ya nyumbani hulipiwa kwa mwezi na mtu huisahau. Hakuna mtu kwenye kikao aliyewahi kununua bando. Niliomba sera ile iondolewe, ikaondolewa siku hiyo hiyo, na kampuni ikaanza kulipia intaneti yao.

Kuhusu mpangilio wa msimbo wenyewe, nafasi mbili au nne mwanzoni mwa mstari, nitakuwa mfupi kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa mrefu mno. Lugha ya Go, ambayo Google iliitangaza 2009, ina zana yake ya kupanga msimbo isiyompa mtu chaguo, na wanaoilaumu ni wachache kuliko ungedhani. Prettier na Black zikafuata njia hiyo kwa lugha nyingine. Tulizichukua, kila mradi ukabeba mpangilio wake ndani yake, pamoja na faili dogo la .gitattributes linaloamua alama ya mwisho wa mstari popote msimbo unapofunguliwa. Git ya tangu 2019 inaweza kuruka badiliko moja kubwa la kupanga upya unapotafuta nani aliandika mstari fulani, hivyo historia haikupotea. Columbus walinyamaza. Mimi bado naona nafasi mbili hazitoshi, lakini hakuna anayeniuliza.

Tulipo sasa ni kwenye wasaidizi wa akili unde. Sehemu mbili zilipata wenyewe upesi. Msimbo utumwe kwa huduma ipi ni suala la kampuni, kwa kuwa siri ni zake na za wateja wake. Faili la maelekezo linalomwambia msaidizi mradi huu unaandikwaje linakaa ndani ya mradi, na timu inalihariri kama inavyohariri kingine chochote. Swali la kumtumia au kutomtumia kabisa nililiweka kwa mtu mwenyewe, pamoja na herufi zake na rangi zake, na hapo kiongozi wa timu ya Louisville akanipinga. Uamuzi huo, alisema, hauishii kwenye kompyuta ya aliyeuamua: msimbo unaozalishwa kwa kasi unasomwa na mwingine, na anayesoma ana haki ya kujua aliyeandika ni nani. Anataka kila badiliko lililoandikwa kwa msaada huo liwe na alama.

Mzee wa Buffalo hataki. Macho yake yameendelea kupungua, na siku hizi humwachia msaidizi kazi ya kumsomea msimbo na kuandika anachokitamka. Alama ikiwekwa, anasema, kila atakachofanya kitakuwa na alama, na watu wataipima kazi yake kwa jicho jingine. Tumezungumzia kuwatenganisha wanaoandikiwa na wanaosomewa, na kila tukijaribu kuchora mstari unampita yeye katikati. Louisville hawakusubiri kikao. Wameanza kuweka alama kwenye mabadiliko yao wenyewe, na Columbus wawili watatu wamewaiga.